Msahaulifu na Deni la Ahadi

Katika miji yetu hakuna mtaa usiokuwa na mtu wa namna hii. Ni mtu mzima, mwenye akili zake, tena aghlabu mcheshi na mkarimu, walakini hakuna akianzacho akakimaliza. Akiahidi kuja saa nne huja saa sita, naye huapa kuwa alidhani wakati ungalipo. Ukimpa nguo akushonee, huzianza tatu kwa pamoja, na ile ya Idi ikawa haina mikono hata usiku wa kuamkia Idi. Barua ya serikali huiweka chini ya mto ili asiisahau, kisha akausahau mto. Ukizungumza naye, macho yako kwako na moyo umekwisha kutoka mlangoni. Kazi hubadilisha kila mwaka. Deni la dukani halilipi, si kwa kukosa fedha bali kwa kukosa kukumbuka. Na mkewe amechoka kuwa karani wake. Watu wamekwisha kumpa majina: mvivu, mpurukushani, asiyejali. Naye mwenyewe, awapo peke yake, hujiita kwa majina mabaya zaidi ya hayo.

Suala tutakalo kulitazama leo ni hili: mtu kama huyu alaumiwe au asamehewe? Na ikiwa yuko wa kumsaidia, ni nani afaaye zaidi kuubeba wajibu huo?

Kwanza tuondoe dhana moja. Si kila mchelewaji ni mgonjwa. Lau ingekuwa hivyo, harusi zetu zingehitaji daktari kabla ya kadhi. Tunayemsema ni yule ambaye hali hii ilimwanza utotoni, humfuata nyumbani na kazini, na imemharibia mambo ambayo yeye mwenyewe anayapenda. Matabibu huiita hali hiyo kwa herufi nne, ADHD, na maana yake kwa lugha yetu ni upungufu wa makini pamoja na kutotulia. Kwa wengine huonekana zaidi ule upungufu wa makini, kwa wengine kule kutotulia na kutenda kabla ya kufikiri, na kwa wengi vyote viwili.

Wako wanaodhani kuwa jambo hili limezuliwa juzi na watu wa Marekani wauzao dawa. Si hivyo. Mwaka 1798 tabibu wa Kiskoti, Alexander Crichton, aliandika juu ya watu wasioweza kulishika jambo moja kwa uthabiti, akasema kuwa mtu aweza kuzaliwa na hali hiyo. Aliongeza kuwa kwa bahati njema aghlabu hupungua kwa umri. Mwaka 1902 tabibu wa watoto, George Still, alisimama mbele ya chuo cha matabibu cha London akawaeleza watoto ambao akili zao hazikuwa na kasoro, na bado walishindwa kujizuia. Neno alilolitumia Still lafaa lizingatiwe: aliuita huo upungufu katika uwezo wa kujitawala kimaadili. Yaani hata tabibu, alipotaka kuutaja ugonjwa, aliazima neno la tabia njema na tabia mbaya. Mashaka ya suala letu yalianza hapo.

Kwa muda mrefu ikadhaniwa kuwa ni maradhi ya watoto, na kuwa mtoto akiota ndevu yamekwisha. Kitabu ambacho matabibu wa akili wa Marekani hukifuata katika kuyapambanua maradhi kilianza mwaka 1980 kukiri kuwa masalio yake yaweza kubaki kwa mtu mzima. Na katika toleo la mwaka 2013 kikaweka kipimo cha watu wazima, kwa sharti kwamba baadhi ya dalili ziwe zilionekana kabla ya miaka 12. Hivi sasa wataalamu hukisia kuwa katika kila watu wazima 100, wapo 2 au 3 wenye hali hii. Wameona pia, kwa kuwatazama mapacha, kuwa sehemu kubwa yake hurithiwa. Basi baba amkemeaye mwanawe kwa purukushani huenda anakemea alichompa mwenyewe.

Wala si jambo la kuchekwa tu. Wachunguzi wa Denmark walitoa khabari mwaka 2015, baada ya kufuatilia maisha ya watu zaidi ya 1,900,000, kuwa wenye hali hii walikufa kwa kiasi cha karibu mara 2 ya wengine, na sababu kubwa ilikuwa ni ajali. Mtu asahauye kutazama barabara hasahau kwa gharama ndogo.

Sasa turudi kwenye lawama. Mwanachuoni wa Marekani, Russell Barkley, alieleza mwaka 1997 jambo ambalo kwetu sisi ndilo ufunguo wa mas'ala yote. Alisema kuwa kasoro ya mtu huyu haiko katika kujua. Iko katika kujizuia, na kwa hivyo iko katika kulitenda alijualo pale pahali pake na kwa wakati wake. Mwambie akutolee mawaidha juu ya kutimiza ahadi, naye atakutolea mawaidha ya kukuliza. Ajua yote. Ndiyo maana mawaidha ya mzee, na machozi ya mama, na makaripio ya bwana wa kazi hayamfai kitu: yanampa elimu aliyonayo tayari, na kumwongezea fedheha ambayo pia anayo tayari.

Je, ndiyo kusema kuwa hana lawama kabisa? Hapa watu hugawanyika makundi mawili, na kwa maoni yetu yote mawili yamekosea. Kundi la kwanza husema: hakuna ugonjwa, kuna uvivu, na dawa yake ni kiboko. Kundi la pili, nalo limezidi siku hizi, husema: ni mgonjwa, basi mwacheni, msimdai kitu. La kwanza lamdhulumu yeye. La pili lawadhulumu waliomtegemea, kisha lamdhulumu yeye pia, kwa kuwa lamtoa katika hesabu ya watu wazima.

Wanavyuoni wetu wa fikihi walikwisha kulipambanua jambo linalofanana na hili zamani sana. Mwenye kusahau hana dhambi kwa alichokisahau. Walakini sala aliyoisahau huilipa akumbukapo, na mali ya mwenziwe aliyoiharibu kwa kukosea huifidia. Dhambi imeondoka, deni limebaki. Twaona kuwa mizani hii yafaa kabisa kwa mtu wetu. Aliyengojewa saa mbili juani amepata taabu ya kweli, hata kama aliyemngojesha hakukusudia. Mtoto ambaye karo yake haikupelekwa amerudishwa nyumbani kweli. Hatumwiti baba huyo fasiki. Lakini karo yatakiwa ipelekwe.

Na hapa ndipo penye pengo. Tabibu humwondolea dhana ya dhambi: humwambia kuwa wewe si mbaya, ubongo wako una namna yake. Ahali na wadai humkumbusha deni. Ni nani basi amfundishaye kulilipa? Mtu aliyesamehewa na bado hawezi kulipa yuko pale pale alipokuwa, ila sasa ana cheti.

Katika nchi za wenzetu pengo hili lilianza kuzibwa na wagonjwa wenyewe. Mwaka 1987 wazazi katika jimbo la Florida, Marekani, walianzisha jumuiya iitwayo CHADD kwa ajili ya watoto wao wenye hali hii. Baadaye jumuiya hiyo iliwaingiza watu wazima katika jina lake. Sababu si ngumu kuifahamu, kwani limetokea mara nyingi katika mambo haya: mzazi humpeleka mwanawe kwa tabibu, husikia dalili zikisomwa moja baada ya moja, kisha hunyamaza, kwani amejisikia yeye anasomwa. Mwaka 1993 wanawake wawili wa Marekani, Kate Kelly na Peggy Ramundo, ambao wenyewe wana hali hii, walitoa kitabu kwa watu wazima wenzao. Jina la kitabu lilikuwa ni swali la mtu aliyeshangaa kuambiwa kuwa kumbe yeye si mvivu, wala si mjinga, wala si mwenda wazimu. Jina hilo peke yake latosha kuonyesha mzigo waliokuwa nao.

Toka hapo mikutano ya wenye hali hii imeenea katika nchi nyingi. Hukutana chumbani au kwa simu, wachache wachache, hawana mkubwa wala mdogo. Wafanyalo huonekana dogo. Mmoja humpigia mwenziwe asubuhi na kumwambia jambo moja atakalolifanya kabla ya adhuhuri. Adhuhuri hupiga tena kusema amelifanya au hakulifanya. Mwengine hueleza namna alivyoikata kazi kubwa vipande vidogo mpaka kipande cha kwanza kikawa ni kufungua bahasha tu. Mwengine amepigilia msumari mlangoni, na ufunguo hauna ruhusa ya kukaa pahali pengine popote. Wana pia ada moja ambayo mgeni akiiona hucheka: mtu aliyeshindwa kwa wiki tatu kuandika hesabu zake huketi kuziandika, na mwenziwe huketi kando yake akifanya kazi yake nyingine. Hamsaidii, wala hawazungumzi. Kuwapo kwake tu kunatosha, na hesabu zikaandikwa.

Sisi wa pwani hatuna haki ya kulicheka hilo. Mwanamke asukaye ukili peke yake huuweka na kuondoka. Wakiwa watano ukumbini mkeka huisha. Na mwenye kudarizi kofia barazani, pamoja na wenziwe, hufika mwisho wa kazi yenye vitundu ambavyo peke yake angechoka kuvihesabu. Kazi ya mkono yataka jicho la mtu karibu, lisilo kali. Hao wa Marekani wamelichukua jambo ambalo watu wa kazi za mikono walikuwa nalo daima, wakalitia makusudi.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini mgonjwa mwenzake? Kwa nini asiwe baba, au mwalimu, au rafiki mwenye kichwa kilichotulia? Je, kipofu humwongoza kipofu?

Jawabu letu ni kuwa katika jambo hili kizuizi kikubwa ni haya, na haya huzaa uwongo. Mtu aliyekaripiwa toka utotoni hujifunza mapema kutoa udhuru kabla hajaulizwa. Akichelewa, atasema feri ya Likoni ilikwama. Akisahau, atasema simu iliharibika. Baba yake humwamini au hamwamini, na katika hali zote mbili kweli haikusemwa. Walakini mwenziwe wa baraza hilo, ambaye naye ameitumia feri ile ile kwa udhuru ule ule kwa miaka 20, humtazama na kumwambia: feri leo haina kosa, tuambie uliketi kitandani ukitazama nini. Hapo wote hucheka, naye husema kweli, pengine kwa mara ya kwanza. Na jambo lisilosemwa kwa kweli haliwezi kutengenezwa.

Wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye kichwa kilichotulia, hata akiwa na huruma nyingi, huuona mzigo huu kuwa ni usufi: kulipa bili ni dakika tano, kwani kuna nini? Hajui kuwa dakika tano hizo zaweza kukaa mbele ya mtu mwezi mzima kama ukuta. Aliyewahi kuusimamia ukuta huo haulizi kwani kuna nini. Kwa sababu hiyo yeye ana ruhusa ya kusema maneno mawili ambayo wengine wakiyasema huharibu. Aweza kumwambia, hukukusudia, na isiwe ni kumdekeza. Na aweza kumwambia, nenda ukalipe leo, na isiwe ni kumtukana.

Na kuna jengine ambalo twaliona ni kubwa zaidi. Mtu huyu maisha yake yote amekuwa mpokeaji: wa lawama, wa msamaha, wa msaada. Hakuna aliyemtegemea, kwani ni nani atakayemtegemea? Katika baraza la wenziwe, yuko mtu anayengoja simu yake saa tatu asubuhi. Mara nyingi mtu asiyeweza kukumbuka jambo lake mwenyewe hulikumbuka la mwenziwe. Si ajabu, wengi wetu hatupiki tuwapo peke yetu, na akija mgeni jiko huwaka.

Sasa tuseme na upande wa pili, maana hatupendi kusifu jambo bila ya kulipima. Baraza la namna hii laweza kugeuka likawa duka la nyudhuru, ambapo kila mmoja humpa mwenziwe sababu ya kutofanya. Mwaka 2010 Mary Solanto na wenziwe wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio lililofaa. Waliwachukua watu wazima 88 wenye hali hii, wakawagawa mafungu mawili, wote wakikutana kwa makundi kwa muda wa wiki 12. Fungu moja lilifundishwa kupanga wakati, kukata kazi na kuweka vitu kwa utaratibu. Fungu la pili lilipewa mazungumzo na kuliwazana. Lililofundishwa ufundi lilipata nafuu zaidi. Makundi yote mawili yaliongozwa na wataalamu, kwa hivyo si sawasawa na baraza la wagonjwa wenyewe. Lakini funzo latuhusu. Baraza ambalo watu hutoka wamelia na hawakuandika hata jambo moja la kesho limefanya nusu ya kazi. Na uchunguzi juu ya mabaraza ya wenyewe kwa wenyewe ni haba mno ukilinganisha na uchunguzi juu ya dawa, basi asitokee mtu akayauza kama kwamba ni tiba iliyothibiti.

Tena baraza si hospitali. Kukosa usingizi, huzuni kubwa na maradhi ya tezi ya shingo huweza kuleta purukushani ile ile, na mtu wa barazani hawezi kuyapambanua. Dawa za hali hii zimewafaa wengi, lakini huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na hutolewa na tabibu kwa kipimo. Mwenye kumpa mwenziwe kidonge chake kwa mapenzi amemfanyia khatari. Wala mtu asijidanganye kuwa atajitibu kwa miraa. Ni kweli kuwa kathinoni iliyomo ndani yake ni jamaa wa amfetamini, ambayo matabibu huitumia. Walakini miraa haina kipimo, na hufukuza usingizi, na mtu huyu akikosa usingizi hiyo makini kidogo aliyokuwa nayo nayo huenda. Na mwenye kusema kuwa amechoka kuishi asiambiwe asubiri mpaka mkutano wa wiki ijayo. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake njiani.

Haya yote twayasema tukijua kuwa nchini Kenya matabibu wa akili ni wachache na wengi wao wako Nairobi. Mtu wa Lamu au wa Vanga hawezi kuambiwa angoje mpaka atakapopimwa ndipo aanze kutengeneza maisha yake. Msumari wa ufunguo hauhitaji cheti cha daktari. Akae na wenziwe, na akipata nafasi ya kupimwa apimwe.

Neno moja juu ya wanawake. Msichana mwenye hali hii mara nyingi harukiruki wala hapigi kelele. Hukaa kimya na akili yake imesafiri, basi hakuna amwonaye. Hukua akaolewa, akawa na nyumba na watoto na mialiko na michango, na kila kimoja chataka kukumbukwa. Chungu kikiungua mara tatu kwa wiki huambiwa hakufundwa. Kwake yeye haya ni mazito kuliko ya mwanamume, kwani mwanamume akisahau hulaumiwa mkewe. Wanawake hao wafaa wawe na kikao chao wenyewe, na yanayosemwa humo yasitoke nje. Sitara ya kikao ikivunjwa mara moja, hakuna atakayesema kweli tena, na bila ya kweli kikao chenyewe hakina maana.

Kuanza hakutaki jumuiya, wala katiba, wala mweka hazina. Na twaomba sana asichaguliwe mweka hazina. Wawili wanaojuana watosha. Wachague siku moja na saa moja, baada ya alasiri mathalan, kwenye meza isiyo na televisheni karibu. Kila mmoja aje na jambo moja aliloliogopa wiki nzima: barua, hesabu, simu ya kumpigia mtu aliyemkosea. Aliseme kwa sauti, aliandike, kisha kila mmoja afanye lake kwa muda wa nusu saa, saa ikiwa mezani. Wakimaliza waambiane la kesho na nani atampigia mwenziwe kwanza. Na wakichelewa wote wawili siku ya kwanza, kama itakavyokuwa, waanze saa ile waliyofika.